Dawa ya Mtoto Mwenye Usonji Iwe na Tarehe ya Kupimwa

Hakuna kidonge kinachotibu usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia (kwa Kiingereza, autism). Naanza na hilo kwa sababu wazazi wengi hutoka kwa daktari na cheti cha dawa mkononi wakiamini wamepata tiba ya usonji wenyewe. Marekani iliidhinisha dawa mbili za akili, risperidoni mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009 kwa watoto hawa, na kwa shabaha moja tu: ghadhabu kali, ikiwemo kujidhuru na kushambulia wengine. Dawa hizi hazimfundishi mtoto kuongea.

Sizipingi. Mtoto anayejigonga kichwa ukutani mpaka damu itoke, huku nyumba nzima ikikesha naye, anahitaji msaada leo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watoto 101 walifuatiliwa kwa wiki 8. Takriban 7 kati ya kila 10 waliotumia risperidoni walipata nafuu ya kuonekana. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, ni kama 1 tu kati ya 10. Lakini waliotumia dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7 katika wiki hizo chache, wenzao kilo 0.8. Na kuna watoto wanaozimeza kwa miaka.

Kinachonikera ni haraka ya kuandika dawa kabla ya kumchunguza mtoto. Chukua mtoto asiyeongea, aliyekuwa mtulivu, ambaye ghafla anaanza kujipiga makofi shavu moja, lilelile kila mara. Mfungue kinywa kwanza! Tazama magego ya upande huo, angalia na sikio. Uliza alipata choo lini mara ya mwisho, maana tumbo lililofunga humtesa mtoto ambaye hana njia ya kulisema. Ukimtuliza kwa dawa ya akili, jino linaendelea kuoza na yeye amenyamazishwa. Huo mimi nauita ukatili, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 uko wazi: kwa tabia ngumu, dawa hizi zifikiriwe pale njia nyingine zisipotosha au zisipowezekana; matokeo yapimwe baada ya wiki 3 hadi 4, na kama hakuna dalili ya nafuu ya maana ikifika wiki ya 6, zisitishwe. Ni wazazi wangapi wameambiwa hivyo? Wengi huambiwa tu waendelee, dozi ikipanda kila ghadhabu inaporudi.

Kwa hiyo uzito wa mtoto na sukari yake vipimwe kabla ya kidonge cha kwanza. Mzazi aandike kwenye daftari ghadhabu zinatokea mara ngapi kwa wiki, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Asikatishe dawa ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe. Na akiuliza, "Daktari, tunaipima lini, na isiposaidia tunaipunguzaje?", apewe jibu kabla cheti hakijasainiwa.