Siku ya Kupanda Mikoko Haihitaji Watu Mia Tatu

Pwani yetu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, haikosi maeneo yaliyopandwa mikoko mara mbili au tatu na hadi leo ni matope matupu. Fulana ziligawiwa, mgeni rasmi akapanda wa kwanza, picha zikapigwa, idadi ya miche ikatangazwa, kisha bahari ikafanya yake. Wanaopenda kuwalaumu wananchi kwamba hawana moyo wa kujitolea wanasahau kuwa walijitokeza. Walichonyimwa ni kazi yenyewe. Waliitwa siku moja tu, na siku ya kupanda ndiyo nyepesi kuliko zote. Kazi inayoamua kama msitu utarudi iko kabla ya siku hiyo na baada yake, na huko kikundi cha watu kumi na wawili wanaorudi kila mwezi kina faida kuliko umati.

Tuanze na eneo. Mkoko hauoti popote penye tope. Huota kwenye ukanda ulio kati ya usawa wa wastani wa bahari na pale yanapofikia maji ya bamvua kubwa, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Chini ya hapo mche hukaa majini muda mrefu mno, mizizi hukosa hewa, nao hufa hata kama umepandwa kwa ustadi. Balaa ni kwamba ardhi isiyogombaniwa na mtu, ambayo ni rahisi kuwakabidhi wajitoleaji, mara nyingi ndiyo hiyo ya chini: fungu la matope lililo mbele ya msitu, au hata kwenye majani ya bahari, ambayo nayo ni makazi ya samaki na hayakuomba kubadilishwa. Sri Lanka walijifunza kwa gharama kubwa baada ya tsunami ya 2004. Watafiti walipokagua maeneo 23 yaliyopandwa, tisa hayakuwa na mche hata mmoja uliobaki hai.

Kupima hakuhitaji mtaalamu mwenye mashine. Chukua vigingi sita vilivyonyooka, virefu kuliko kimo cha maji yanapojaa, uvipake chaki ya unga iliyokorogwa kwa maji kidogo, uviache vikauke. Maji yakiwa yamekupwa, vitatu vichomeke ukingoni mwa msitu ulio hai, upande wa chini kabisa, penye aina ya mti unayotaka kupanda. Vitatu vichomeke kwenye eneo tupu. Rudi kesho yake maji yakikupwa tena. Chaki itakuwa imeoshwa mpaka pale maji yalipofika, na kwa kuwa vyote vimefunikwa na maji yale yale, tofauti ya alama ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi. Kama msituni maji yalifika sentimita 60 na kwenye eneo tupu sentimita 110, basi hapo ni nusu mita chini ya mahali mti huo unapoweza kuishi. Acheni. Siku ya upepo mkali msipime, kwa sababu mawimbi huosha chaki juu ya usawa wenyewe na kuwadanganya.

Kama kimo kinafaa, swali linalofuata ni kwa nini hapana miti. Hapa wazee na wavuvi wanajua kuliko ripoti yoyote. Kama palikatwa boriti na maji bado yanaingia na kutoka, yaelekea mbegu zinakuja zenyewe, na kazi ni kulinda tu. Kama tuta la barabara au la chumvi limeziba njia ya maji, ukipanda miche elfu utaua miche elfu. Kazi hapo ni jembe: kufungua mfereji ili maji yafike na, muhimu zaidi, yapate pa kutokea, maana maji yanayotuama huivisha ardhi kwa jua na kuijaza chumvi. Kama ni mchanga au udongo ulioletwa na mvua, kama ilivyotokea Mwache karibu na Mombasa wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, mizizi ya kupumulia ilifukiwa na miti ikafa ikiwa imesimama. Huwezi kupanda ukamaliza tatizo lililotoka mashambani huko juu mtoni.

Ukiona mikoko midogo imeota yenyewe, hata michache, fikiria mara mbili kabla ya kuwaita watu. Miguu ya watu mia tatu kwenye tope laini huvunja miche hiyo na kuikanyaga mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, inayochomoza juu. Binafsi naona "tulinde, tusipande" ndilo neno gumu zaidi kumwambia mfadhili, na mara nyingi ndilo sahihi.

Sasa aina. Karibu kila mradi wa kujitolea hupanda mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya upinde, kwa sababu mche wake huota ungali juu ya mti, ni mrefu, unaokotwa kwa wingi na unachomekwa tu. Lakini anayestahimili mbele kabisa baharini ni mlilana, na mchu pia. Nyuma yao huja mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu tena huko juu penye chumvi nyingi. Mlilana na mchu hutaka kitalu. Mbegu ya mchu hulowekwa mpaka ganda litoke, halafu hulazwa juu ya tope ndani ya kiriba (kimfuko cha kuoteshea miche) na kukandamizwa kidogo tu, isizikwe. Kitalu kikae mahali maji ya bahari yanapofika, la sivyo mtabeba ndoo mpaka mchoke. Kazi hii ya miezi ndiyo inayowafaa wajitoleaji wa kudumu, na ndiyo isiyopigwa picha.

Kwa mkoko, okoteni au chumeni miche iliyokomaa, yenye pete ya manjano shingoni chini ya tunda. Iliyokomaa hutoka kwa kuzungushwa kidogo. Ukilazimisha kuvuta unajeruhi chipukizi. Tupeni yenye matundu ya wadudu na iliyosinyaa. Ihifadhiwe kivulini ndani ya gunia lenye unyevu, ipandwe ndani ya siku chache. Kupanda ni kuchomeka theluthi moja ya urefu, ncha nene yenye kahawia ikiwa chini. Wageni huigeuza kichwa chini mara nyingi kuliko mnavyodhani, kwa hiyo aonyeshwe kila mtu, akiwemo mgeni rasmi.

Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 ni miche 10,000 kwa hekta. Fungeni mafundo kwenye kamba kila mita, wawili waishike ncha, wengine wapande kwenye fundo huku wakirudi kinyumenyume ili wasikanyage walichopanda. Watu ishirini wanaoelewana humaliza robo hekta bila kelele. Miguuni ni raba kuukuu zilizofungwa kamba barabara. Buti za mpira hubaki kwenye tope mguu ukitoka, na peku utakatwa na chaza walioganda kwenye mizizi. Mtu mmoja asipande kabisa, aangalie maji tu: kijito kilicho nyuma yenu hujaa kabla ya pale mlipo, na ndicho mlichovuka kuingia.

Ratiba ndiyo inayoharibu mambo kimyakimya. Pwani ya Mombasa na jirani zake, maji ya bamvua hukupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Kila mradi huipenda saa hiyo, na hiyo ndiyo saa ya pweza. Mama anayeshuka mwambani na mkuki wake anapata siku chache tu za namna hiyo kila bamvua, halafu anaitwa "kujitolea" kwa soda na keki. Msiite hiyo kujitolea, huo ni mshahara wake mliouchukua. Maeneo ya juu, ya mkandaa na mchu, yafanyieni kazi wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kidogo tu, ambapo ardhi hukaa kavu siku kadhaa na wavuvi wengi wana nafasi. Bamvua iachiwe ukanda wa mbele tu, watu wachache, kwa muda wa saa mbili tu. Ijumaa msiweke. Mwezi wa Ramadhani pia.

Kuhusu posho, msimamo wangu ni kwamba ugomvi hauletwi na pesa, huletwa na kutosema mapema. Kuchimba mfereji wa mita mia na kulinda kitalu usiku ni ajira, ilipwe. Kupanda, kuhesabu na kuokota plastiki iwe msaragambo au harambee, lakini nauli na chakula visitoke mfukoni mwa mtu. Yatangazwe barazani mbele ya wote, kiasi kwa kiasi. Na kabla ya jembe la kwanza pawe na barua: mikoko ni msitu wa serikali, chini ya KFS (Huduma ya Misitu Kenya) kwa Kenya na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa Tanzania Bara, na mwenye panga msituni bila barua ni mkata boriti tu machoni pa askari.

Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa kijamii wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, huuza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na mikoko, na mara nyingi hutajwa kama ushahidi kuwa kupanda kunalipa. Usomeni vizuri mfano huo. Sehemu kubwa ya hekta zake 117 ni msitu wa asili unaolindwa, na iliyopandwa ni sehemu ndogo. Wakapanda pia mivinje ili kuni na nguzo zipatikane nje ya mikoko. Pesa imeleta maji ya bomba Gazi na Makongeni na kusaidia shule, na wanakijiji ndio wanaoamua itumike wapi. Anayelinda anajua analindia nini.

Baada ya kupanda kuna kuhesabu. Wekeni viwanja vitatu au vinne vya mita 10 kwa 10, vigingi pembeni, mhesabu mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa 12, kisha kila mwaka. Msiandike "imekufa" tu. Iliyokatwa usawa wa tope ni kaa. Iliyovikwa vijikombe vyeupe vigumu shinani inakaa majini muda mrefu, kwa hiyo kimo kilikosewa. Iliyotoweka bila alama ilichukuliwa na mawimbi au ilichomekwa juujuu. Iliyolala upande mmoja na uzi wa nyavu ni juya (wavu wa kukokota), na hilo ni la kuzungumza na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, si la kupanda upya. Kila sababu ina dawa yake, na kuziba pengo kwa miche mipya kabla ya kuijua sababu ni kulisha kaa.

Daftari hilo liandikwe nakala mbili, moja ibaki kwa katibu wa kikundi pale kijijini. Mradi ukiisha, gari huondoka na takwimu zote, na miaka mitatu baadaye huja jingine na fulana za rangi nyingine, likiuliza fungu lile lile la matope liko wapi.