Ali na Emmi: makala yameacha mengi

Makala haya yanaisifu filamu ya mwongozaji Mjerumani Fassbinder ya mwaka 1974, Angst essen Seele auf (yaani "Hofu hula roho"), kwa kumfanya Ali, kibarua kutoka Morocco, kuwa mhusika mkuu. Nakubali, hasa kwa Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Lakini uwakilishi haupimwi kwa kuhesabu sura tu. Tazameni pale Emmi, mjane wa Kijerumani anayefanya usafi, anapowaita wenzake wa kazini wamshike Ali misuli, naye amesimama kimya kama ng'ombe mnadani. Na anayemnadi ni mkewe! Halafu Ali akitamani kuskusi, chakula cha kwao, Emmi anamwambia azoee mambo ya Kijerumani. Hapo ndipo filamu ilipokomaa: ubaguzi hauishii kwa majirani wasengenyaji, umo hata ndani ya penzi la kweli.

Na Yolanda, mfanya usafi kutoka Yugoslavia anayetengwa na wenzake wa kazini pale ngazini, Emmi akiwa miongoni mwa wanaomtenga, mbona makala hayakumtaja kabisa?

Kinachoniuma ni kwamba Ali tunamjua zaidi kwa macho ya Wajerumani. Mwishoni Ali anapougua, daktari anasema vidonda vya tumbo vinawapata sana wafanyakazi wageni. Nilitaka maumivu hayo ayasimulie Ali mwenyewe, kwa kirefu.