Nirudishie Glasi Zangu

Juzi usiku nimeshajilaza, simu ikalia, WhatsApp, mtoto wa dada yangu. "Shikamoo anko, ule muziki wako wa wazee nimekusafishia, sikiliza uone, umekuwa msafi kama maji ya chupa." Nikafungua. Kumbe kachukua rekodi ya mpiga piano wa jazz Bill Evans ya pale Village Vanguard, kaipitisha kwenye programu moja ya akili mnemba, ikatoa "kelele" zote. Kelele zenyewe ni watu wanaopiga stori, mtu anayecheka kule nyuma, glasi zinazogongana, makofi. Vimebaki piano, besi na drams. Nikamjibu marahaba, halafu nikashindwa kulala.

Yaani hivi, mtu unatoaje glasi za Village Vanguard?

Ilikuwa Jumapili, Juni 25, 1961, New York, kwenye kile kiklabu cha chini, unashuka ngazi ndio unaingia. Evans kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, Paul Motian kwenye drams. Walipanda jukwaani mara tano siku ile, mchana mpaka usiku, mashine inarekodi tu, na watu wapo mezani na vinywaji vyao, wengine wanaongea kama wapo kituo cha daladala. Siku 11 baadaye LaFaro akafa kwa ajali ya gari, ana miaka 25. Evans akakaa miezi hafanyi shoo.

Mimi nikiisikiliza ile rekodi namsikia Motian anapitisha brashi kwenye ngozi ya drams, polepole, kama mtu anayefagia sebule usiku watoto wamelala, halafu hapo hapo, kling, glasi. Na ule ukimya uliokuwepo kabla ya glasi ndio unausikia vizuri sasa. Piano yenyewe Evans anaipiga kwa sauti ya chini mpaka unasogea kwenye spika, unajikuta na wewe umekaa mezani unataka kumwambia jirani yako hebu nyamaza kidogo tusikie. Ile aliyonitumia dogo haina hicho kitu. Inasikika kama watu watatu wamefungiwa kabatini. Wanapiga vizuri sana, ndani ya kabati.

Mjue kwamba nina hasira za muda mrefu kwenye hili, si za huyu mtoto peke yake. Mwaka jana nilienda sehemu moja hapa mjini, siitaji jina, wametangaza usiku wa jazz, bendi laivu, kiingilio elfu thelathini na kinywaji kimoja. Nimevaa shati nililolipiga pasi nikalipiga tena. Kufika, bendi ni kijana mmoja na saksafoni, pembeni kompyuta. Piano ipo kwenye kompyuta, besi ipo kwenye kompyuta, drams zipo kwenye kompyuta, yeye anapulizia juu ya hiyo pleibeki kama mtu anayekula na picha ya familia yake. Nyimbo zinaisha zote mahali palepale zilipoisha jana yake na juzi yake. Saa tatu na nusu umeme ukakata. Kompyuta kimya, spika kimya, giza. Na yule kijana, Mungu ambariki, hakuacha. Aliendelea na lile domo la bata peke yake gizani, bila maiki, akapunguza mwendo, akawa kama anaulizia njia, mtu mmoja kaunta akaanza kumgongea meza na kiganja, yeye akasikia, akamjibu. Dakika mbili hivi. Halafu jenereta likawaka na kompyuta ikarudi na wimbo wa katikati. Nililipa elfu thelathini kwa zile dakika mbili na sidai chenji.

(Hata pale Vanguard siku ile mtambo ulikatika, wimbo wa kwanza kabisa wa mchana una sehemu rekodi imeruka. Walipotoa mkusanyiko kamili mwaka 2005 wakaiweka hivyohivyo na pengo lake. Hao ndio watu wenye adabu.)

Sasa twende Newport, maana huku ndiko mtu akinibishia tunagombana. Julai 7, 1956, tamasha la jazz la Newport, Marekani. Duke Ellington, kiongozi wa bendi kubwa, wakati ule watu walishaanza kumwona wa jana, bendi kubwa zimepitwa, vijana wana mambo yao. Usiku ule wakampandisha mapema akapiga vitu viwili vitatu, wanamuziki wengine hata hawajafika, akashushwa, akasubiri wee, kuja kurudishwa ni karibu saa sita usiku na watu wameshaanza kuondoka. Wewe ungefanyaje? Mimi ningepiga wimbo mmoja nikalale. Yeye akaita wimbo wake wa 1937, wenye vipande viwili, na katikati ya vipande akamwachia Paul Gonsalves na saksafoni yake ya tena.

Gonsalves akauzunguka wimbo kwa solo mara 27, yaani kila mzunguko anaanza mwanzo wa muundo wa wimbo mpaka mwisho, halafu anaanza tena. Ishirini na saba! Mizunguko 27 ya bluzi bila kukaa chini. Na si kwamba alipanga, kwenye karatasi hakuna kitu kama hicho. Ukisikiliza, mizunguko ya mwanzo watu wametulia tu, heshima tu. Halafu mwanamke mmoja mwenye gauni jeusi akainuka kwenye viti vya mbele akaanza kucheza. Watu wakageuka kumwangalia, wakainuka na wao. Chini ya jukwaa alikuwepo Jo Jones, mpiga drams aliyetamba na bendi ya Count Basie, ameshika gazeti amelikunja anapiga mapigo nalo, na wale wa jukwaani wanamwona. Kelele zinapanda, Gonsalves anapanda nazo, kelele zinamwona amepanda zinapanda tena. Ni kama dansi letu linapofika kwenye chemko na mtu anatoka kwenye meza kwenda kumtunza mpiga solo, anambandika noti kwenye paji la uso, unadhani yule mpiga solo atamaliza pale alipokusudia kumalizia? Mwenye tamasha, George Wein, akaingiwa na hofu watu watafanya fujo, akawa anampa Duke ishara akatishe. Duke hakukatisha.

Haya niambie, hapo ukitoa watu unabakiwa na nini? Unabakiwa na mtu anayepuliza mara 27 bila sababu. Sababu yenyewe iko kule chini, imevaa gauni jeusi. Agosti ya mwaka huohuo sura ya Ellington ikatokea kwenye jalada la jarida la Time, na albamu ya usiku ule ikawa ndiyo iliyouza kuliko zote alizowahi kutoa.

Nikamwandikia dogo yote haya, ujumbe mrefu, saa saba usiku. Akakaa kimya kidogo, nikajua nimemweza. Kumbe anagugo. "Anko mbona hiyo ya Newport yenyewe walichakachua?"

Nikasonya. Kwa sababu ni kweli. Gonsalves alisimama kwenye maiki ambayo siyo, alipulizia maiki ya redio ya Sauti ya Amerika, wakati kampuni ya kurekodi ilikuwa na maiki yake pembeni, kwa hiyo kwenye kanda yao akasikika kwa mbali. Duke alishaona bendi haikupiga vizuri baadhi ya vitu, siku mbili baadaye wakaingia studio wakarudia sehemu kibao, wakabandika makofi ya kuokoteza juu yake, wakauza kama laivu. Watu wakaipenda hivyo miaka zaidi ya 40. Mpaka kanda ya Sauti ya Amerika ilipopatikana, wakakaa na kompyuta wakazilinganisha kanda mbili sekunde kwa sekunde, mwaka 1999 ndio tukamsikia Gonsalves kama alivyokuwa pale. Kwa kompyuta, ndiyo. Sawa. Nimekubali, dogo kanipata kidogo hapo, kompyuta ina kazi yake. Ila ona kazi yenyewe: ilimrudisha mtu karibu na umati, haikufukuza umati.

Na Ella Fitzgerald je, Berlin, Februari 1960? Kasahau maneno ya wimbo katikati, mbele ya ukumbi umejaa, akaanza kutunga palepale, anaimba kwamba amesahau, anamwigiza Louis Armstrong kwa ile sauti ya kukwaruza, wimbo ukampa Grammy. Leo angesahau hivyo kuna mtu angemrekebishia kabla hajashuka jukwaani.

Najua kuna watakaosema Keith Jarrett alikuwa akisikia mtu anakohoa anasimamisha onyesho anawafokea. Alikuwa hivyo kweli, na piano yake naipenda, ila hapo tuliachana.

Sisi tusijifanye hatuelewi haya mambo. Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, tulilichukua jina tukalipa kazi ya dansi, na dansi lilikuwa ukumbini. Marehemu baba alikuwa na kaseti aliyoirekodi mwenyewe, kabeba redio kaseti mpaka ukumbini kaiweka juu ya meza. Sauti mbovu, gitaa linaenda linarudi. Katikati ya wimbo wa pili, kabla mwimbaji hajarudi, kuna mwanamume anasema kwa sauti nene kabisa, "Leta mbili baridi." Hatujawahi kujua ni nani. Nyumbani kwetu kaseti ikifika pale watu wote, hata mama aliyeko jikoni, "leta mbili baridi." Nimeshausikia wimbo ule redioni ulivyopigwa studio, safi, hauna doa, na kila mara ukifika pale mdomo wangu unafunguka peke yake.

Basi jana nikampigia dogo, hasira zimeshapoa. Nikamuuliza, hivyo ulivyovitoa umevitupa au unavyo? Akasema programu inavitenga kwenye faili lake. Nikamwambia nitumie hilo faili. Akacheka, "Anko, nikutumie kelele tupu?" Ndiyo, tuma.

Nimeisikiliza asubuhi hii nikinywa chai. Dakika arobaini za watu wa New York wa mwaka 1961 wakila na kunywa. Kicheko kile kipo. Glasi zipo zote. Na kwa sababu programu haijawa hodari kama inavyojitapa, chini kabisa, kama redio ya jirani ukutani, kuna besi ya LaFaro iliyogoma kutoka.