Bila Mungu maisha hayana maana? Hoja inayopigiwa amina vyuoni Mbeya

Mhubiri akialikwa kwenye fellowship za wanafunzi wa vyuo hapa Mbeya, akifika kwa vijana wanaosema hawaamini, hoja huwa ileile: mwondoe Mungu, uone maisha yatabaki na maana gani. Ukumbi unaitikia amina. Hoja hiyo ina uzito, ila naona imebebeshwa kuliko uwezo wake.

Mwanafalsafa Albert Camus alikiri kwamba ulimwengu hautupi maana yoyote. Waliofuata njia hiyo wanasema mtu ajitengenezee mwenyewe. Kamwambie hivyo kijana mwenye digrii anayeendesha bodaboda Mwanjelwa. Kanisa humwambia kwamba thamani yake haikuletwa na ajira, na haitaondoka nayo. Hilo si neno dogo. (Tatizo ni makanisa yanayomwahidi gari kabla mwaka haujaisha. Hayo yameshakubali vipimo vya dunia, yamebadilisha wimbo tu.)

Asiyeamini naye ana la kusema. Nenda msibani Uyole. Turubai limefungwa, daftari la rambirambi liko mezani, akina mama wanamenya ndizi, vijana wanapokezana chepe kaburini. Hakuna anayeulizwa alibatizwa lini. Maana ya kuishi, atasema, hii hapa, inatoka kwa watu. Ukimjibu kwamba moyo huo uliletwa na Injili, atakukumbusha kuwa wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na Wanyakyusa walikuwa wakizikana zamani kabla ya hapo.

Kisha ana hoja nzito zaidi: faraja si ushahidi. Mgonjwa kuitamani dawa hakuifanyi dawa iwepo dukani. Hata kama kila asiye na Mungu angekata tamaa, bado hatujajua kama Mungu yupo. Sijasikia mhubiri akilijibu hilo vizuri kwa kurudia hoja ya utupu wa moyo.

Ajabu ni kwamba Paulo yuko upande wa mwenye shaka hapo. "Kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure," aliwaandikia Wakorintho. Hakusema shikeni tu, mradi inawapa amani. Alisema Kristo aliwatokea ndugu zaidi ya 500, na wengi wao walikuwa bado hai, maana yake wangeweza kuulizwa. Barua yenyewe iliandikwa miaka 20 na kitu hivi baada ya Yesu kusulubiwa. Mwenye shaka atauliza mbona hao 500 hawatajwi pengine, na ni swali halali. Mkristo atajibu kwamba hadithi ya kutungwa haiwaalikii wasikilizaji mashahidi walio hai. Hapo kila upande una kitu cha kupoteza, na mimi naona mwamini ana hoja nzuri kuliko anavyofikiriwa. Ila ili aitoe, fellowship zitenge muda wa maswali, na mwenye kuuliza asionekane ana pepo.