Mkata Miti Aliyejua Maji Yanatoka Wapi

Wolf Guindon wa Monteverde, Costa Rica, alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 85. Wanaomkumbuka humwita mlinzi wa msitu. Ni kweli, maana miaka mingi ya maisha yake aliimaliza akitembea kwa miguu ndani ya msitu wa mawingu ambao watalii sasa huvuka bahari kwenda kuuona. Mimi nataka kumzungumzia Guindon wa kabla ya hapo: mfugaji wa ng'ombe, mfyekaji, muuzaji wa misumeno ya mashine. Naamini bila yule mfyekaji, mlinzi asingekuwapo, na sipendi mfyekaji anavyorukwa haraka haraka kana kwamba ni aibu ya familia.

Alizaliwa Marekani mwaka 1930, jina lake Wilford, katika watu wa dhehebu la Quaker, ambao wenyewe hujiita Marafiki. Sisi wa magharibi mwa Kenya hatuhitaji kuelezwa Marafiki ni nani. Tangu wamisionari watatu walipofika Kaimosi mwaka 1902, kanisa hilo limeenea hadi Kenya ikawa nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Nimelelewa humo. Tulifundishwa kwamba Rafiki hapigani vita, lakini wengi wetu hatujawahi kudaiwa gharama ya neno hilo. Guindon alidaiwa akiwa bado kijana. Marekani iliporudisha sheria ya kuandikisha vijana jeshini mwaka 1948, yeye na wenzake watatu wa Fairhope, Alabama, walikataa hata kujiandikisha. Mwaka uliofuata mahakama iliwafunga mwaka mmoja na siku moja. Walikaa ndani miezi michache, wakaachiliwa.

Jamii yao ikaanza kutafuta nchi nyingine. Costa Rica ilikuwa imevunja jeshi lake mwishoni mwa 1948, na hilo liliwatosha. Mwaka 1951 familia kama kumi na moja zilihamia huko, zikanunua takriban hekta 1,400 juu kwenye milima ya Tilarán, wakapaita Monteverde, yaani mlima wa kijani. Hapakuwa pori tupu. Wenyeji walikuwa wameshaanza kulima humo, na ni wao waliowafundisha wageni mambo mengi ya kuishi pale. Barabara ilikuwa tope, mizigo ilibebwa kwa mikokoteni ya maksai. Ukikamua maziwa mahali kama hapo, yataharibika kabla hayajafika sokoni, basi wakaamua kutengeneza jibini, ambalo huvumilia safari. Kiwanda chao ndicho kilichowalisha wao na majirani wao kwa miongo kadhaa.

Lakini ng'ombe wanataka majani, na majani hayaoti chini ya miti mikubwa. Guindon alifyeka. Akakata miti kwa shoka na kwa mashine, akapanda nyasi, akawauzia na wengine mashine hizohizo. Hakuna sababu ya kumfunika. Alikuwa mtu wa kwenda mahali pasipo na njia na kutengeneza njia, na zama hizo njia iliishia kwenye malisho.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Walipogawana ardhi ile mwanzoni kabisa, kabla hata watu hawajazoea kusema juu ya uhifadhi, walitenga karibu theluthi moja yake, upande wa juu, wakakubaliana isiguswe. Marafiki hawapigi kura. Hukaa kimya, husikilizana, hadi kikao kizima kione jambo moja. Na walichokiona ni kwamba mito yao inaanzia kule juu. Hawakutenga msitu kwa ajili ya ndege wala vyura. Waliutenga kwa sababu mfugaji akikosa maji amekwisha.

Na hawakukosea hata chembe. Upepo unaotoka Bahari ya Karibi hupanda ile milima ukiwa na unyevu, ukipoa unakuwa ukungu, na ukungu ule hunaswa na majani, kuvumwani, na mimea inayoota juu ya matawi. Matone hudondoka hata siku ambayo mvua haijanyesha. Kata miti, na ukungu utapita juu ya kichwa chako ukienda zake, nawe umebaki na nyasi kavu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja mtafiti kijana wa ndege, George Powell, akaona jinsi msitu uliobaki nje ya ile theluthi ulivyokuwa ukimegwa. Alihitaji mtu anayeijua milima na anayejulikana na watu wake. Akampata Guindon. Hifadhi ikaanza mwaka 1972 na hekta 328 tu, na mfyekaji wa jana akawa ndiye anayefungua njia za doria, anayepima mipaka, anayekaa na wawindaji na waliovamia ardhi wakazungumza. Hakubeba silaha; kijana aliyekubali jela kuliko kushika bunduki asingeishika uzeeni kwa ajili ya mti. Hifadhi ile imekua mara nyingi zaidi ya ilivyoanza, na misitu mingine imeungana nayo pembeni.

Hakuokoa kila kitu. Chura wa dhahabu, ambaye dume lake lilikuwa na rangi ya chungwa inayong'aa, aliishi sehemu ile pekee ya dunia. Wanasayansi walimtangaza mwaka 1966, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1989, ndani ya hifadhi yenyewe, hakuna shoka lililomgusa. Wanaotafiti hutaja maradhi ya kuvu wa ngozi na mabadiliko ya hali ya hewa. Guindon aliishi zaidi ya robo karne baada ya chura huyo, akiendelea kutembea njia zilezile. Nikifikiri juu ya kifo chake, hilo ndilo linalonigusa kuliko sifa zote.

Ninaandika haya kwa sababu ya mjomba wangu. Alipasua mbao tangu ujana wake, kwa msumeno wa watu wawili kwanza, kisha kwa mashine. Sasa ana miaka sabini na kitu. Chemchemi tuliyokuwa tukiteka maji utotoni imekauka tangu ukingo wake upandwe mikaratusi, na mwaka jana walikuja watu na mradi wa kurudisha miti ya asili. Waliita mkutano, wakagawa fulana. Mjomba hakualikwa, katika vitabu vyao yeye ni mharibifu, aliwahi hata kutozwa faini.

Jioni ile nilimkuta nyumbani kwake nikamuuliza juu ya chemchemi. Akanitajia nyingine saba, kila moja kwa jina, na mti uliokuwa umesimama juu yake, na mwaka aliouona ukianguka. Mitatu aliikata yeye. Alipofika kwenye hiyo mitatu alisema polepole, akaonyesha kwa fimbo upande ilikokuwa, na akaniambia mbegu za mmoja wao bado zinapatikana nyuma ya shule ya zamani, mtu akienda kuziokota kabla ya mvua.