Msiuze Mizoga ya Matrekta kwa Kilo

Ninaishi Indiana, Marekani, katika jimbo ambalo mwaka 1946 Elmer Pond na mwanawe Cecil walianza kuunda matrekta madogo ya bustani katika mji wa South Bend, ambayo baadaye yalijulikana kwa jina la Wheel Horse. Kampuni yao ilinunuliwa na Toro mwaka 1986, lakini matrekta ya miaka ya 1960 bado yanakata nyasi katika nyua za watu, na kuyafufua ndiyo kazi yangu ya jioni. Spana nilijifunza kuishika Ngamiani, Tanga, kwa mafundi waliohudumia mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe. Kwa kuzifahamu pande zote mbili, nashikilia kwamba mafundi wa Tanga ni hodari zaidi, ila tunawanyima vitu vya kufanyia kazi kila tunapouza mizoga ya mashine kama chuma chakavu.

Huku Indiana injini nyingi za matrekta haya ni Kohler za mfululizo wa K, zenye silinda moja na bloku ya chuma cha kusubu. Kwenye kava la feni kuna kibati chenye namba, na ukishaisoma, kitabu cha spea kinakuonyesha pistoni, ringi, gasketi na pointi za cheche zinazoingia humo. Silinda ikilika huchongwa iwe pana zaidi na kuwekwa pistoni iliyozidi kwa inchi 0.010, 0.020 au 0.030. Vipande visivyotengenezwa tena, kama boneti na gia, hutoka kwenye trekta lililokufa, ambalo mwenyewe huliweka nyuma ya banda na kulifungua kidogo kidogo kwa miaka. Hilo nalisifu kwa dhati. Lakini namba ikikosekana kitabuni, wengi hukwama, na bushi ya usukani, yaani pete ambamo mhimili wake huzunguka, husubiriwa katika posta kwa majuma.

Ngamiani bushi hiyo haisubiriwi. Fundi huupima mhimili upande usiolika, kwa sababu huko ndiko kipimo cha asili kilikobaki, kisha hukereza kipande cha shaba, hujaribu, hupunguza tena unywele mmoja, mpaka mhimili uingie kwa kusukumwa na kiganja. Beringi nayo huitafuta kwa namba iliyochorwa ubavuni: 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje na unene wa 15, iwe imetoka kwenye trekta, pampu ya maji au mashine nyingine yoyote.

Hata hivyo kuna kitu ambacho fundi huyo hawezi kukichonga, nacho ni hausingi ya giaboksi, yaani ganda lake la chuma, iliyopasuka. Chukua Massey Ferguson 135, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1960 na kuzoeleka sana kwetu: spea za injini yake ya Perkins ya silinda tatu bado zinatengenezwa katika viwanda vya India na Pakistan, kwa hiyo injini si tatizo. Tatizo ni vyuma vizito vya kusubu, na hivyo hasa ndivyo vinavyompendeza mnunuzi wa chakavu, kwa kuwa ndivyo vyenye kilo nyingi.

Naelewa kwamba familia iliyorithi trekta bovu inahitaji fedha na nafasi uani, na siwalaumu. Wanaoweza kubadili jambo hili ni mafundi wenyewe, wakichangiana eneo moja, wakampa mwenye mzoga bei ileile ya chakavu, na wakawa na daftari la vipimo na namba ambalo kijana anayejifunza atalikuta hata mwalimu wake akiwa hayupo. Fedha zikiwa chache, waanze na hausingi za giaboksi, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), haidroli na ekseli ya mbele. Pistoni na ringi waziache ziende, maana hizo zinauzwa mpya.