Fahali Wawili, Zizi Moja

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano: kuweka kalenda ya kuchagua tarehe kwenye fomu ya tovuti ya mteja. Nikanakili mistari mitatu kutoka kwenye maelekezo ya plagini (programu ndogo ya kuongezea uwezo) ya kalenda, nikaibandika chini kabisa ya ukurasa, nikamwita mteja aje ajionee.

Kalenda ikafunguka vizuri. Ila picha za juu, zilizozoea kupishana moja moja kwa madaha, zikamwagika zote kumi na mbili, moja chini ya nyingine, hadi fomu ikawa haionekani bila kushuka sana.

"Ndiyo kalenda hiyo?" mteja akauliza.

Konsoli, pale kivinjari kinapoandika makosa, ilikuwa nyekundu: `$(...).slaidi is not a function`. Nikabisha. Faili la slaidi, plagini ya kupishanisha picha, lipo, limepakuliwa, jibu la seva ni 200, yaani sawa! Nikabisha na kompyuta karibu saa nzima kabla ya kuandika `$.fn.jquery`, kuuliza toleo la jQuery, maktaba ya JavaScript ambayo plagini hizi huitegemea. Ikanijibu 1.12.4. Mimi nilikuwa nimeweka 3.6.0.

Kumbe mstari wa kwanza kati ya ile mitatu ulikuwa jQuery nyingine. Slaidi ilijishikiza kwenye jQuery ya juu. Ya pili ikaja na kunyakua majina yote mawili ya kuiitia, `$` na `jQuery`, haina plagini hata moja. Na kwa kuwa msimbo wangu ulisubiri ukurasa uwe tayari, ulipoamka na kuita `$` ukamkuta mgeni kitini.

Hapo mtu mwenye akili hufuta mstari mmoja. Mimi nilitaka kuonyesha ujuzi. Nikaweka `jQuery.noConflict(true)`, amri ya kurudisha majina kwa aliyekuwa nayo kabla, baada ya faili la kalenda. Majina yakarudi kwa mwenyewe, picha zikaanza kupishana, na kalenda ikafa: ilikuwa imejishikiza kwa yule mgeni, nami nimemfukuza bila hata kumwekea jina jipya la kumwitia. Nikaufuta ule mstari wa jQuery ya pili, na noConflict yangu nayo nikaitoa. Vyote vikafanya kazi.

Ila sasa kalenda ilifungukia juu, nyuma ya picha. Siku za wiki ya mwisho zilichungulia chini. Aliyetaka tarehe 3 alikuwa hana lake.

Mnada ukaanza. `z-index: 10`, namba ya kuamua nani akae mbele. Haikusogea. 999. 99999. Nikabandika `!important`, ambayo ni kupiga meza tu. Nikaishia 2147483647, maana juu ya hapo kivinjari hakihesabu. Picha zilikuwa na z-index ya 1, na bado zilishinda!

Nilipopanda mzazi mmoja mmoja kwenye zana za kivinjari ndipo nikaiona: kontena la fomu lilikuwa na `transform: translateY(0)`, amri ya kusogeza juu au chini, mabaki ya uhuishaji wa kuingia. Sifuri hiyo haisogezi kitu, lakini inajenga zizi: namba zilizomo zinashindana humo humo, na kwa nje kontena zima linahesabiwa kama 0. Nikaliwekea kontena lenyewe `position: relative` na `z-index: 2`. Kalenda ikaja mbele.

Nikampigia mteja kwa furaha. Kwake picha zilikuwa bado zimemwagika. Nikamwambia abonyeze Ctrl+Shift+R, ukurasa upakiwe upya bila nakala za zamani zilizohifadhiwa, zikajipanga, akanisifu kwa kutengeneza kwa haraka hivyo.

Ile 2147483647 bado imo kwenye faili. Pembeni yake nimeandika: usiguse.